Umbo Zuri, Tundu la Hovyo

Kwa nini atoboe mwisho? Tangu Jumamosi swali hilo halinitoki, na ninyi mliobanana pale karakana ya Pasiansi mliona nilichokiona. Fundi alikereza mpini wa koki wa fimbo ya kuvulia zaidi ya saa nzima, akauchomoa kwenye mashine umelainika kama yai, watu wakapiga makofi. Halafu ndipo akainua drili ya mkono, ati sasa atafute njia ya kupitishia ufito wa fimbo. Mimi nilishika kichwa. Jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa: mpini ule uliharibika Ijumaa jioni, kabla mashine haijawashwa.

Mazuri niyamalize upesi. Pete 20 za koki alizichambua moja moja kwenye mwanga. Nondo ya kuzipanga pete aliipaka nta ya mshumaa isishikane na gundi, gundi yenyewe akaipaka nyembamba, akabana kwa nati mbili na kuacha hadi asubuhi. Patasi hakuisogeza karibu na koki. Msasa alianza namba 80, akaja 120, 220, akamalizia 400, na vumbi la koki akalichanganya na gundi kuziba vishimo. Mkono wake mwepesi, sina neno.

Sasa turudi Ijumaa. Pete zilikuwa mezani, kila moja unene wa milimita 12.7, kipenyo 32, tundu la kiwandani milimita 6 na nusu. Ufito ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mwenye nao anautaka kwa sangara, hana habari na sato, kwa hiyo ni ufito mnene: kalipa ilisoma 14 kwenye kitako na 12 na nusu pale mpini unapoishia. Vipimo vyote vilikuwa mbele ya fundi, kavisoma mwenyewe kwa sauti. Kuna kijana akauliza, tena kwa adabu zote: "Shikamoo fundi, hatupanui kwanza?" Jibu mlilisikia. "Marahaba. Tutapanua baadaye, kwanza tupate umbo." Na drili ya mezani, ile inayosimama wima na jiliwa lake chini, ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa.

Kwanza tupate umbo! Umbo la kitu gani, kuzunguka nini? Mashine ya kukereza haina jicho. Inazungusha kilichofungwa, na kinachoufikia msasa kinalika hadi kila upande uwe umbali uleule kutoka kwenye nondo. Mpini wa Jumamosi ulikuwa mviringo kamili kwa hesabu ya ile nondo ya milimita 6. Ukiichomoa nondo na kupasua tundu jipya la milimita 14, ile hesabu imekufa. Kitovu kipya kitakuwa pale keekee itakapoamua, na umbo la nje halina habari kwamba ndani wamehamisha nyumba.

Mkono nao ukahamisha kweli. Keekee ya milimita 14 aliyokuwa nayo haikuwa na urefu wa kupita mpini wa milimita 254, kwa hiyo ilibidi aingie kwa pande mbili na kuomba zikutane katikati. Mnakumbuka mlio? Koki laini ilikuwa inapita kimya, halafu kila milimita 12.7 keekee inagonga mstari wa gundi na kulia, kimya tena, inalia tena. Pete 20 zina mistari 19 ya gundi. Pale ambapo upande mmoja wa pete ulikuwa na shimo la gome na upande wa pili una gundi ngumu, keekee ilifanya kama mtu anayetafuta mlango gizani: ililalia palipo rahisi. Niliona kiwiko cha fundi kikipanda kidogo kufuata. Vipande vilivyotoka mwanzo vilikuwa rangi ya asali. Baadaye vikatoka vyeusi pembeni, na harufu ya kuungua tuliipata wote.

Alipomaliza nilimwomba niushike. Katikati, kwenye kiuno, mpini ulikuwa na kipenyo cha milimita 22. Tundu la 14 likikaa sawasawa linaacha ukuta wa milimita 4 kila upande. Keekee ilihama milimita 2. Kwa hiyo upande mmoja umebaki 2 na wa pili 6. Nilibonyeza upande mwembamba kwa kidole gumba, ukabonyea na kurudi kama shavu la mtoto. Ndani, pale matundu mawili yalipokutana, kuna ngazi; ukiingiza kidole kidogo unaikwaa.

Mtu akasema si arudishe kwenye mashine asawazishe. Asawazishe nini? Ukiufunga upya kwa kufuata tundu jipya na kukereza hadi uwe mviringo tena, unalazimika kushuka hadi ukuta wa milimita 2 pande zote, yaani kiuno cha 18. Huo ni mpini wa fimbo ya kuvulia sato wadogo. Koki ukishaikata haioti tena mezani.

Fundi naye hakurudisha. Alifanya kile ninachokipigia kelele kila mwaka: alitoa masking tepu. Kwa kuwa keekee ni nene mwanzo hadi mwisho na ufito unapungua, mbele kulibaki nafasi ya milimita moja na nusu, akaizungushia tepu, akamwaga epoksi, akasukuma. Nimeandika hapa zaidi ya mara moja kwamba tepu ya karatasi ni ya mpaka rangi. Ikishaingia maji inakuwa uji, na mpini wa fimbo ya ziwani utaingia maji tu. Miezi michache, utausikia ukilia mkononi kila sangara akivuta.

Najua mtakalonijibu. Wapo mafundi wazuri duniani wanaokereza kwanza na kupanua baadaye. Ni kweli, lakini tazameni wanapanua kwa nini. Wanatumia tupa ndefu iliyochongoka, au kipande cha ufito uliovunjika kilichozungushiwa msasa, wanakisokota kwa mkono taratibu, kinafuata tundu lililopo na kula pande zote sawa. Uzuri mwingine ni kwamba kipande cha ufito tayari kina mteremko uleule wa ufito utakaoingia. Hiyo ni kazi ya milimita moja, ikizidi mbili. Kutoka 6 na nusu kwenda 14 kwa mwendo huo utazeekea kwenye benchi, ndiyo maana mwenye akili anapiga tundu kubwa zikiwa bado pete, kwenye drili ya mezani, anazigundisha juu ya nondo nene iliyo karibu na kipimo cha mwisho, anakereza, kisha ile tofauti ndogo ya mteremko ndiyo anaimalizia kwa mkono. Tundu likishakuwa ndilo kitovu, hata ukikosea umbo utarekebisha.

Marehemu mzee aliyenifunza kushika patasi alikuja Mwanza kutoka pwani, na alikuwa fundi wa matendegu ya vitanda. Alijifunzia kwenye kerezo la upinde: mkono mmoja unavuta upinde, mwingine umeshika patasi, mti unazunguka mbele na kurudi nyuma, na unakata mzunguko wa kwenda tu. Kwa mashine ile kila kosa linaonekana polepole, una muda wa kujuta kabla halijatimia. Alipokuwa anatengeneza digali za kiko au mwili wa zumari hakugusa nje hata kidogo kabla ndani hakujakamilika. Kipande kikiwa bado gogo la mraba alikitoboa, akakichungulia dhidi ya jua, na kama tundu limekwenda upogo alikitupa jikoni bila huzuni, kwa sababu hakuwa amekitolea jasho. Kisha alikifunga kwa lile tundu na kukizungushia umbo. Hakuwa na kalipa wala umeme. Leo tuna mashine ya mizunguko 800 kwa dakika na taa juu ya benchi, na tunatoboa mwisho.

Nikishamtaja mzee watu huniambia namtukuza kwa kuwa amekufa. Basi.

Kinachoniuma zaidi ni mali iliyotumika. Hii ni koki, na mwenye bomba lake asinune, sina jina jingine. Ni gome la mwaloni wa nchi za Mediterania, na karibu nusu ya koki yote ya dunia hutoka Ureno. Mti hubanduliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, halafu unaachwa miaka 9 kabla ya kubanduliwa tena, na gome la mara ya kwanza na la pili halifai kwa kazi safi. Hesabu mwenyewe: pete nzuri imetoka kwenye mti uliokwishafika miaka 40 na kitu. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliweka ukande wa koki chini ya hadubini, akaona vyumba vidogo vidogo, na neno alilovipa ndilo wanasayansi wanalotumia hadi leo kwa seli. Vile vyumba vimejaa hewa, ndiyo sababu koki ni nyepesi, ni vuguvugu mkononi asubuhi ya baridi na haitelezi ikilowa. Pete 20 za namna hiyo zimekuja hadi Pasiansi ili zitobolewe kwa kukisia.

Wapo watakaosema ndiyo maana wamehamia vishikio vya sponji ya EVA. Ndugu zangu, hiyo ni ndala iliyopandishwa cheo. Wavuvi wetu wamekuwa wakikata ndala chakavu kuwa maboya ya nyavu, wala sioni ubaya, boya ni boya. Ila usiniuzie ndala kwa bei ya fimbo.

Jambo dogo, na nalipita: hakuna aliyevaa barakoa. Upepo wa ziwa ulitusaidia Jumamosi, lakini vumbi la koki lina ugonjwa wake wa mapafu unaojulikana kwa wafanyakazi wa viwandani Ureno, unaitwa suberosisi. Kitambaa puani hakigharimu kitu.

Nimeambiwa pia kwamba upogo uko ndani, hauonekani, mteja ameridhika na amelipa. Hauonekani? Subirini kiti cha rili kifungwe. Kiti kitakaa sawa na ufito, mpini utakaa sawa na nondo ambayo haipo tena, na pale vinapokutana upande mmoja pete ya chuma itajitokeza na upande mwingine itazama. Mkono utaikuta hata usiku. Na sangara si samaki wa kubembeleza. Tangu alipoletwa ziwani humu miaka ya 1950 ameshavuliwa wa uzito wa zaidi ya kilo 100, na mwenye fimbo hii anasema anakwenda nayo Rubondo, ambako uvuvi wa fimbo unaruhusiwa ndani ya hifadhi. Samaki wa namna hiyo akizama chini, mkono wote unaegemea kiuno cha mpini, na kiuno hicho upande wa kidole gumba kina milimita 2 za koki, chini yake gundi, chini yake tepu ya karatasi.

Fundi, najua gazeti linafika hapo karakana, kwa hiyo nakuandikia waziwazi na kwa heshima yako. Mpini wa mbele wa fimbo hiyohiyo bado hujaugusa. Pete zake 8 ziko kwenye boksi chini ya benchi, sijaona gundi juu yake. Drili ya mezani iko hatua tatu kutoka kwenye kiti chako. Pima ufito kwanza.