Siku ya Kumi na Moja

Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Robert Felkin alishuhudia mama akizalishwa kwa upasuaji. Maelezo yake, yaliyochapishwa Edinburgh mwaka 1884, yanastahili sifa zake: pombe ya ndizi ya kumlevya mama na kunawia mikono, chuma cha moto cha kuzuia damu, misumari saba myembamba ya kufungia tumbo. Anataja pia, harakaharaka, kwamba mfuko wa uzazi haukushonwa. Siku ya kumi na moja kidonda kimepona, na hadithi imekwisha.

Hapo ndipo ananiudhi. Je, mama yule alibeba mimba nyingine?

Dada yangu hapa Endasak ameshapasuliwa mara mbili, sasa ana mimba ya tatu na anatamani kujifungua kwa njia ya kawaida. Kovu la tumboni halimjibu. La nje laweza kuwa la mlalo na la ndani likawa la wima, ambalo ni rahisi zaidi kuchanika uchungu ukija. Kadi yake ya kliniki imeandikwa "upasuaji", basi. Felkin, mgeni na daladala wa njiani tu, aliandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo anayetafutwa sasa ni msimulizi mwingine: faili la aliyemshona. Hata likisema vizuri, uchungu uanze akiwa karibu na chumba cha upasuaji chenye damu ya akiba, si kwenye bodaboda ya kwenda Katesh.