Miguu na Mikono Isiyo na Majina: Tahakiki ya Sanamu ya Askari

Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann. Ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na maandishi yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Wengi wetu tumeipita mara nyingi bila kusimama. Katika makala haya tunakusudia kuisoma kama tunavyosoma andiko lolote, tukiuliza: inawakumbuka akina nani, na Kanisa lina wajibu gani kwa wale iliowaacha?

Jambo la kwanza la kuonwa ni kwamba maneno na shaba havipatani. Maandishi yanawataja askari Waafrika, kisha wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi, kisha wote waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Lakini aliyesimama juu ya jiwe ni askari peke yake, ameinamia bunduki yenye singe. Mpagazi hayuko. Mchongaji huyo huyo aliifanyia Nairobi sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sanaa ilishindwa kumchonga mtu mwenye mzigo.

Tusimwonee mtunzi. Maneno yake juu ya wapagazi ni ya kweli. Julai 14, 1916, Waingereza walipoutwaa mji wa Mwanza, walianza kushuka kusini kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, ambako majeshi ya Wabelgiji yaliingia Septemba 19. Katika vita hivyo mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo, na chakula na risasi vikasafiri juu ya vichwa vya watu. Pande zote zilitumia wapagazi, na wengi hawakuwa na hiari. Kwa upande wa Waingereza pekee, hesabu inayotajwa mara kwa mara ni wapagazi 95,000 hivi waliokufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi.

Kosa la maandishi liko katika ahadi yake ya mwisho, kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapa tuwe wakali kidogo. Nchi ipi? Mpagazi hakuulizwa kama vita ni vyake. Tena jina lipi, ikiwa walioandika ahadi hawakuandika jina hata moja? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; nayo ikaomba radhi. Jiwe liliwatwika wana mzigo ambao dola iliukataa.

Sasa tuichukue ahadi hiyo hadi Ipililo, mkoani Simiyu, mashariki ya njia ile ya Mwanza na Shinyanga. Usukumani mtoto huweza kupewa jina la tukio lililoambatana na kuzaliwa kwake: Bulugu, yaani vita, Nzala, yaani njaa, Njile, yaani njia. Huu nao ni ukumbusho, na umedumu bila shaba. Vivyo hivyo Wagogo waliipa jina la Mtunya njaa iliyowaangamiza baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wao. Na Kariakoo ya Dar es Salaam bado inatamka jina la kikosi cha wapagazi. Hata hivyo, majina haya yanahifadhi tukio, hayamhifadhi mtu. Mtu huhifadhiwa mjukuu anapopewa jina la babu. Basi kijana aliyefia njiani kabla ya kuoa atakumbukwa na mwana yupi? Ndiye hasa ambaye ahadi ya jiwe haimfikii.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anafundisha kwamba kichwa hakiwezi kuiambia miguu kuwa hakiihitaji, na kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa havina heshima ndivyo vinavyopewa heshima zaidi. Sanamu imeitumia lugha ya mwili, lakini imeugeuza utaratibu wake: miguu na mikono imetajwa, kisha ikafichwa.

Pengine wapo watakaosema kwamba kuwakumbuka wafu hao kutawarudisha Wakristo kwenye matambiko ya masamva. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini Ungamo la Augsburg, kifungu cha 21, linatofautisha kumkumbuka aliyefariki na kumwomba msaada. Tena Rispa, katika 2 Samweli 21, hakuwaomba wafu wake chochote. Aliilinda miili yao mchana na usiku, hata mfalme akaaibika na kuizika mifupa. Tukiwakataza watu matambiko bila kuwapa mahali pa kumweka marehemu asiye na kaburi, tumebomoa bila kujenga.

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo. Mchungaji na awaulize wazee wa usharika: katika ukoo wenu, ni nani aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi? Majina yatakayopatikana yaandikwe katika kitabu cha usharika na kusomwa ibadani wanapokumbukwa waliolala. Pale ambapo jina limepotea, tukiri mbele za Mungu kwamba limepotea kwetu, halikupotea kwake. Sanamu haihitaji kubomolewa. Inahitaji kukamilishwa, na kazi hiyo yaweza kuanza Ipililo.