Cheo cha Mchezo

Kazi ya mtu aghalabu huchaguliwa na wengine. Mchezo wake huuchagua mwenyewe. Kwa hiyo mchezo nao wafaa kuhakikiwa.

Mwaka 1974 ulitolewa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, na kila mmoja hubuni mtu wake, akampa jina, nguvu na udhaifu. Kiongozi husimulia safari, na dadu huamua bahati. Vijana wanaoucheza hudhani kuwa kujivika nafsi ya kubuni ni jambo geni pwani. Wangaliwauliza wazee wa Mji wa Kale, wangalisikia habari za beni.

Ngoma hii ilizuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi, mahasimu wakubwa. Mtu aliyeshinda kutwa akibeba mizigo, katika chama aliweza kuwa mfalme, jemadari au daktari. Alivaa sare, akapiga gwaride nyuma ya tarumbeta, na waliokuwa chini yake walimpigia saluti. Wanawake nao walikuwa na lelemama, na vyama vyao vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana vivyo hivyo.

Wako waliosema kuwa beni ilikuwa kuiga Wazungu tu. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alikataa kuiona hivyo, nami nakubaliana naye. Yafaa tukumbuke zama zenyewe. Tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia Ngome ya Yesu kuwa gereza, na amri kuu ya mji ilikuwa mikononi mwa wageni. Katika beni mchukuzi alijifunza kuamuru na kutii, kupanga shindano, na kuwafaa wenzake katika shida. Cheo chake kilikuwa cha kubuni. Wajibu wake ulikuwa wa kweli. Hiki ndicho kipimo cha nafsi yoyote ya mchezo. Jemadari asiyedaiwa lolote na watu wake amevikwa kilemba cha ukoka.

Kadhalika, Kingi bila Scotchi isingalikuwa kitu. Mshindani hodari ndiye aliyefanya kila sare ing'arishwe na kila hatua ya gwaride irudiwe mpaka ikawa sawa. Kiongozi wa mezani asiyewapa wachezaji upinzani huwanyima mchezo wenyewe.

Walakini beni ilikuwa na kasoro. Karamu na mavazi vilikula mali, na heshima ikaanza kupimwa kwa gharama. Hapa mchezo wa mezani umeshinda, maana hutaka karatasi, kalamu na dadu tu.

Nilipata kumwona mwanafunzi mwenye kigugumizi akichukua nafsi ya nahodha. Dhoruba ilipokuja mezani, wenzake walimgeukia, naye akatoa amri. Alikwama mara mbili. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa chombo kilikuwa chao wote. Baadaye darasani aliinua mkono kwa hiari yake.

Basi, msomaji, ubunipo mtu wako, usimpe nguvu zote. Mpe udhaifu mmoja na watu wa kuwatunza. Kisha cheza kwa moyo, kwani mcheza kwao hutuzwa.