Kiwanda Chao, Gereji Zetu: Tahakiki ya Filamu ya American Factory

Filamu ya American Factory, iliyoongozwa na Steven Bognar na Julia Reichert, ilitolewa mwaka 2019, na mwaka 2020 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Inasimulia kisa cha kiwanda kimoja kilichoko Moraine, karibu na jiji la Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani. Wengi wameisifu kwa kuonyesha utandawazi ukiwa na sura za watu badala ya takwimu tupu. Katika tahakiki hii ninakubali sehemu kubwa ya sifa hizo. Hata hivyo, ninadai kwamba swali lililoulizwa na filamu ni dogo kuliko kisa chenyewe. Filamu inauliza ni utamaduni upi wa kazi utakaoshinda, wa Wachina au wa Wamarekani. Kwa mtazamaji wa Bujumbura, mji usiounda gari hata moja lakini ambao maelfu ya watu wake wanaishi kwa kutengeneza na kuendesha magari, swali kubwa ni hili: nani huamua kazi ikae wapi, na anawajibika kwa nani?

Kisa chenyewe ni kama ifuatavyo. Desemba 2008, kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari huko Moraine na wafanyakazi wakabaki bila kazi. Mwaka 2014, kampuni ya Fuyao kutoka China, inayotengeneza vioo vya magari, ilinunua majengo hayo na kuyageuza kuwa kiwanda cha vioo. Mwenyekiti wake, Cao Dewang, alileta mafundi wa Kichina wawafundishe Wamarekani kazi. Mwanzoni kuna furaha pande zote mbili, kwani kazi imerudi. Kisha mambo yanabadilika. Mama mmoja anaeleza kwamba alipokuwa General Motors alilipwa zaidi ya dola 29 kwa saa, na sasa analipwa dola 12.84. Watu wanaumia kazini. Wafanyakazi wanataka chama cha kuwatetea, menejimenti inapinga kwa kila njia, na kura inapopigwa mwaka 2017 chama kinashindwa kwa kura 868 dhidi ya 444. Mwishoni tunaona mikono ya roboti ikiingizwa kwenye mstari wa uzalishaji ili ichukue nafasi za watu.

Waswahili husema mgala muue na haki yake mpe. Haki ya filamu hii ni kubwa. Kwanza, haina msimulizi anayetuelekeza tumpende nani na tumchukie nani. Tunawaona wafanyakazi na mabosi wakijieleza wenyewe. Hata Mwenyekiti Cao, ambaye mwongozaji mwingine angemfanya mtu mbaya wa hadithi, anapewa nafasi ya kukumbuka utoto wake, alipokuwa akisikia sauti za vyura na wadudu, na kujiuliza kama viwanda vyake vimeleta heri au vimeharibu mazingira. Pili, waongozaji hawa walikuwa wenyeji wa eneo hilo, na tayari mwaka 2009 walikuwa wametoa filamu fupi, The Last Truck, kuhusu kufungwa kwa kiwanda kilekile. Walikuwapo kazi ilipoondoka, wakawapo iliporudi ikiwa imepungua thamani. Uvumilivu wa namna hiyo ni adimu.

Tatu, filamu inamheshimu mfanyakazi wa Kichina. Fundi wa tanuri aitwaye Wong ameiacha familia yake kwa miaka miwili bila nyongeza ya mshahara. Uchovu wake unaonekana usoni. Tunapopelekwa Fuqing, makao makuu ya kampuni hiyo, tunaona wafanyakazi wakijipanga mistari kama askari na kuhesabu namba, na wengine wakichambua vipande vya vioo vilivyovunjika bila kinga ya kutosha. Mtazamaji makini anatambua hapo kwamba Mmarekani hakunyang'anywa kazi na mtu anayestarehe.

Lakini ni katika sehemu hizohizo ndipo kasoro inapoanza. Filamu inavutiwa sana na tofauti za tabia. Wamarekani wanaonekana wanene, wanaongea sana, wanapenda bunduki na pikipiki kubwa. Wachina wanaonekana wepesi, watiifu, wanaimba nyimbo za kampuni. Watazamaji wanacheka, na kicheko kinawasahaulisha jambo moja la msingi: hakuna Mchina aliyefunga kiwanda cha Moraine mwaka 2008. Kilifungwa na kampuni ya Kimarekani, kwa uamuzi wa Kimarekani, wakati soko la magari makubwa lilikuwa limeanguka. Filamu inatuonyesha machozi ya siku ile ya kufunga, kisha inaruka haraka hadi kuwasili kwa wageni. Sababu za kufungwa hazichunguzwi. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anaingia ukumbini akitafuta sababu za umaskini wa Ohio, na anatoka akizungumzia tabia za Wachina.

Ili kupima kama utamaduni ndio kiini cha jambo, hebu tutazame mfano wa karibu na sisi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilitaka magari yaunganishwe nchini humo badala ya kuagizwa yakiwa kamili. Viwanda vitatu vikaanzishwa, serikali ikiwa na hisa ndani yake: Leyland Kenya huko Thika, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, General Motors Kenya jijini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers huko Mombasa. Vipande vya gari vilifika katika makasha kutoka ng'ambo, wafanyakazi wa Kenya wakaviunganisha. Si vyote vilivyotoka nje. Betri, viti, rangi, springi na vioo vilinunuliwa kutoka viwanda vya hapohapo nchini. Kwa hiyo nyuma ya mtu mmoja aliyefunga boliti Thika, kulikuwa na mwingine aliyeshona kiti na mwingine aliyekata kioo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na magari yaliyokwishatumika Japani yakaanza kumiminika. Gari la mtumba linakuja na kioo chake. Linakuja na kiti chake, betri yake na rangi yake. Kila moja lililoshuka bandarini Mombasa lilikuwa limekwisha kuunganishwa miaka mingi iliyopita na mtu mwingine, katika nchi nyingine. Viwanda vile vitatu havikufa, lakini vilibaki kufanya kazi chini sana ya uwezo wake, vikielemea malori, mabasi na pikapu. Mwaka 2017 General Motors yenyewe iliuza hisa zake kwa Isuzu na kuondoka.

Je, Thika kulikuwa na mgongano wa tamaduni? Wafanyakazi walikuwa walewale kabla na baada ya mabadiliko. Hawakuwa wanene kuliko wengine wala wavivu kuliko wengine. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanyika katika ofisi ambazo wao hawakuwamo. Huu ndio ushahidi wangu wa kwanza dhidi ya filamu hii: ukiondoa Wachina na Wamarekani, ukaondoa vichekesho vyote vya tabia, mfanyakazi bado anaumia vilevile.

Ushahidi wa pili uko hapa Bujumbura. Gari lilelile la mtumba lililompunguzia kazi fundi wa Thika ndilo lililompa kazi fundi wa Buyenzi. Anayeijua Buyenzi anajua ninachokisema. Katika mitaa ile ya Waswahili, gereji haihitaji jengo. Mwembe mmoja wenye kivuli, jeki, sanduku la spana na vijana watatu vinatosha. Huyu ananyoosha bodi, yule anapiga rangi, mwingine anauza vipuri vilivyotolewa kwenye magari yaliyokufa. Ukiongeza madereva wa teksi, madereva wa Probox zinazokwenda mikoani, na wale wanaoleta magari kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Kobero, utaona kwamba gari ambalo Mjapani amelichoka linalisha familia nyingi sana hapa.

Filamu inamaliza hesabu yake pale gari linapotoka kiwandani. Kwetu sisi hapo ndipo hesabu inapoanza. Sidai kwamba Bognar na Reichert walipaswa kuja kupiga picha Buyenzi. Filamu ya Ohio ina haki ya kukaa Ohio. Ninachodai ni kwamba mwishoni filamu hiyo yenyewe inajitangaza kuwa inahusu dunia nzima: maandishi ya mwisho yanatuambia kwamba watu hadi milioni 375 duniani watahitaji kutafuta kazi mpya kufikia mwaka 2030 kwa sababu ya mashine. Anayezungumza kwa jina la dunia lazima akubali kusahihishwa na dunia. Na dunia ya magari ina pande tatu: wanaoyaunda, waliokuwa wakiyaunda, na wanaoyafufua. Upande wa tatu haumo.

Kwa nini upande huo ni muhimu? Kwa sababu unaonyesha wazi kile ambacho Ohio inakionyesha nusu tu. Wafanyakazi wa Moraine walishindwa katika kura yao, lakini walikuwa na kura. Walimjua mwenyekiti wao kwa jina, walimwona akipita kati ya mashine, na waliweza kusimama nje ya lango wakiwa na mabango. Fundi wa Buyenzi apige kura dhidi ya nani? Bosi wake hayupo. Kazi yake inategemea mhandisi wa Japani anayeamua injini ijayo iweje, serikali inayoamua ushuru uwe kiasi gani, na meli inayoamua bei ya usafiri. Hata usukani unatukumbusha hilo. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi ya Japani yana usukani kulia, kwa sababu yaliundwa kwa ajili ya barabara za kwao. Dereva akitaka kulipita lori katika kona za kupanda Bugarama, mara nyingi ni abiria wa mbele anayemchungulilia.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia kwamba gari la zamani alilitibu kwa masikio, lakini haya mapya yanataka kompyuta, na kompyuta hana. Hakulalamika, alikuwa anaeleza tu. Nilipoona mikono ya roboti mwishoni mwa filamu nilimkumbuka, kwa sababu ni jambo moja lenye sura mbili: kule mashine inamwondoa mtu kiwandani, na huku ujuzi uliofichwa ndani ya mashine unamwondoa mtu chini ya mwembe. Na petroli inapokosekana, kama tulivyoshuhudia miaka hii, mwembe wenyewe hubaki na kivuli bila kazi.

Jambo hili si la nadharia. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kutaka zitafutwe njia za kukuza viwanda vya magari katika ukanda huu na kupunguza magari ya mtumba kutoka nje. Mwaka 2018, Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari jijini Kigali, na ajira zilizoahidiwa zilihesabiwa kwa mamia hadi elfu moja. Mimi si mpinzani wa viwanda. Ningependa siku moja kuona gari lililounganishwa na mikono ya Warundi. Lakini katika hotuba za namna hii, kazi inayohesabiwa ni ile yenye sare na kadi ya kuingilia langoni. Kazi ya Buyenzi haihesabiwi inapoongezeka, wala haitahesabiwa itakapopungua. Mtumba ukizuiwa kesho, fundi wa Buyenzi atakuwa kama yule wa Thika: atasikia uamuzi ukiwa umekwishafanyika.

Huenda mtu akasema ninaidai filamu mambo yasiyoihusu. Jibu langu ni kwamba kosa ninalolitaja limo ndani ya filamu yenyewe. Ina ushahidi wote wa kuuliza swali kubwa: mshahara uliokatwa zaidi ya nusu, washauri waliolipwa ili kuvunja chama, meneja anayemwahidi mwenyekiti kwamba nafasi nne zitafutwa kwa sababu ya mashine. Ushahidi huo hauna taifa. Mchina wa Fuqing anaondolewa na roboti ileile inayomwondoa Mmarekani wa Moraine. Waongozaji waliliona hilo, wakaliweka kwenye dakika za mwisho, baada ya karibu saa mbili za kutuonyesha jinsi watu hawa wanavyotofautiana.

Kwa hiyo ninaipendekeza American Factory kwa kila mwanafunzi anayetaka kujua jinsi kazi inavyohama. Aitazame akiwa na daftari, na kila anapojikuta akicheka tabia za Mchina au za Mmarekani, aandike pembeni: nani ameamua hili, na nani hakuulizwa? Akimaliza, atembee hadi Buyenzi akaulize swali hilohilo kwa watu wanaotengeneza magari ambayo hawakuyaunda. Majibu atakayoyapata huko yanastahili filamu yake, na ni vizuri itengenezwe na mtu wa hapa.