Simba Kushinda Ilitosha

Kosa lilifanyika saa tatu usiku wa Ijumaa Kuu, Aprili 18, 2025, kwenye benchi la nje ya kibanda umiza, Maili Moja, Kibaha. Mkeka ulikuwa umekamilika. Mstari wa mwisho ulisomeka "Simba kushinda", na kidole gumba cha kocha kilishafika kwenye kitufe cha kuthibitisha. Kikasita. Kikarudi juu, kikafuta, kikaweka "Simba kushinda na ova 2.5". Ndipo kikabonyeza. Mpira ulikuwa haujawekwa kati Amaan, na sisi tulikuwa tumeshafungwa.

Mechi mliitazama, sina haja ya kuwasimulia. Faulo ya Jean Charles Ahoua kabla ya mapumziko, bao moja, basi. Simba ilishinda. Na sisi tuliosema Simba itashinda, mkeka wetu ukachanika Jumapili ya Pasaka, pilau ikiwa bado sahanini.

Kocha ninayemsema hana filimbi. Ni fundi pikipiki, na jina hilo alipewa kwa sababu ndiye anayepanga mkeka wa kundi. Tulikuwa watu 12: saba wa Maili Moja na Kwa Mathias, watano wa Kisarawe, ambao kwa kawaida wawili huja kwa pikipiki kupitia Kiluvya na waliobaki hutuma dau kwa simu. Kila mmoja alitoa buku mbili, jumla 24,000. Mkeka ulikuwa wa mechi nne, zote za mkondo wa kwanza wa nusu fainali za Afrika: Sundowns na Al Ahly chini ya 2.5, Orlando Pirates na Pyramids chini ya 2.5, RS Berkane kushinda dhidi ya Constantine, na hiyo ya Simba dhidi ya Stellenbosch. Mistari mitatu ya kwanza aliipanga vizuri na yote ikatiki.

Turudi kwenye kidole gumba.

Odi nazizungusha kidogo ili hesabu itembee. Tatu za kwanza tuseme 1.4, 1.5 na 1.5. Zidisha, unapata 3.15. Simba kushinda peke yake ilikuwa kama 1.6, kwa hiyo mkeka mzima ni 5.04, na kwa dau la 24,000 tungevuna 120,960 kabla ya kodi. Kila mtu 10,080. Simba kushinda na ova 2.5 ilikuwa kama 3.0. Mkeka unapanda hadi 9.45, mavuno 226,800, kila mtu 18,900. Tofauti ni 8,820 kwa kichwa. Bei ya kuku, na bado umbembeleze muuzaji.

Ubishi ulichukua kama dakika kumi. Kocha alisema 1.6 ni "odi ya kununulia vocha". Kijana mmoja wa bodaboda akadakia: Mnyama akiwa nyumbani hafungi moja, Horoya walikula saba. Mwingine akakumbusha Jwaneng Galaxy, sita. Mashabiki wawili wa Yanga waliomo kwenye kundi wakaunga mkono kwa bidii ambayo, nikiitazama leo, ilipaswa kututia shaka: Simba ikifunga matatu wanapata hela, ikishindwa kufunga wanapata raha. Mzee wetu wa Chanzige, Kisarawe, ndiye peke yake aliyepinga. "Wanangu, nusu fainali hailiwi kwa kijiko kikubwa." Kocha akamjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, ila hii ni Ubaya Ubwela." Kidole kikabonyeza.

Ile shikamoo haikuwa ya heshima. Ilikuwa ya kumnyamazisha.

Hapo pana makosa mawili, na yote ni ya kiufundi. La kwanza ni kuchanganya hatua za mashindano. Simba 7-0 Horoya, Machi 2023, ni mechi ya makundi. Simba 6-0 Jwaneng Galaxy, Machi 2024, ni makundi pia. Mechi za namna hiyo za mwisho mwisho wa makundi, mgeni akishafungwa mawili huwa hana la kulinda, anafunguka anatafuta lolote. Mechi ya mtoano haina mgeni wa hivyo. Mgeni wa mtoano akifungwa moja anajua wiki ijayo yuko kwao, kwa hiyo anafunga mlango na kusubiri ndege.

Tazameni robo fainali za Simba nyumbani, ambazo kila mmoja kwenye lile benchi alizitazama kwa macho yake. Mwaka 2019, 0-0 na TP Mazembe. Mwaka 2021, 3-0 dhidi ya Kaizer Chiefs, baada ya kulambwa manne kwao, yaani Simba walilazimika kwenda mbele wote. Mwaka 2022, 1-0 dhidi ya Orlando Pirates. Mwaka 2023, 1-0 dhidi ya Wydad. Mwaka 2024, 0-1 na Al Ahly. Na siku tisa tu kabla ya ile Ijumaa Kuu, 2-0 dhidi ya Al Masry, tukavushwa na penalti. Mechi sita, mabao manane, ova 2.5 moja. Simba wameshinda nne kati ya hizo, na katika hizo nne ni moja tu iliyofika mabao matatu.

Hiyo moja kwa nne ishikeni, maana ndipo kosa la pili lilipo. Odi ya 1.6 maana yake kampuni inakadiria Simba watashinda kama mara 62 katika 100. Odi ya 3.0 maana yake mara 33. Ili kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili kusiwe hasara, zaidi ya nusu ya ushindi wa Simba lazima uwe na mabao matatu na kuendelea. Kumbukumbu zetu wenyewe zilisema robo. Tulinunua kwa bei ya nusu kitu ambacho tulijua ni robo, na tukadhani kampuni ndiyo imekosea hesabu.

Watu wa mikeka wanaita hii kuongeza kachumbari. Sina ugomvi na kachumbari. Lakini kachumbari ya mezani ukiikuta imechacha unaisogeza pembeni, pilau unakula. Ya kwenye mkeka ikichacha, sufuria zima linamwagwa.

Halafu Stellenbosch wenyewe. Kuna aliyewaangalia? Robo fainali walicheza na Zamalek, bingwa mtetezi, 0-0 kwao, kisha wakaenda Cairo wakashinda 1-0. Dakika 180, bao moja. Timu hiyo, chini ya kocha Steve Barker wakati ule, ilikuwa imeshawaonyesha wote wenye macho kwamba kazi yake ni kuua mechi, na sisi tukaandika kwamba ndiyo itakayotupa mabao matatu.

Bado kuna bao la ugenini. Watu wa Yanga mnaijua sheria hii kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiyo iliyowanyima kombe mwaka 2023: 1-2 na USM Alger kwa Mkapa, 1-0 kule Algiers, jumla sawa, kombe likabaki Algeria. Sheria hiyo inamfanya mwenyeji wa mkondo wa kwanza acheze na moyo mikononi. Ukiongoza 1-0, bao la pili ni zuri, lakini bao moja la mgeni ni sumu. Fadlu Davids, kocha wa Simba wakati ule, ni mtu wa Afrika Kusini, anawajua majirani zake. Kocha wa namna hiyo akishapata moja hawezi kufungua milango yote ili wewe wa Maili Moja upate ova.

Na msinianzishie "kwa Mkapa hatoki mtu". Mechi ilipigwa Amaan. Uwanja wa watu 15,000 si uwanja wa watu 60,000, na zile saba za Horoya zilifungwa kwenye ule mkubwa. Kocha alibeti uwanja ambao haukuwepo.

Wasomaji wa muda mrefu wanajua ninapoelekea sasa. Ndiyo, naelekea kwa wachambuzi wa redio. Wiki nzima kabla ya mechi ile niliwasikia, mmoja baada ya mwingine, wakisema "itakuwa mechi ya wazi". Nimeisikia kauli hiyo kabla ya kila mechi kubwa kwa miaka 20 na nusu ya mechi hizo zilikwisha kwa bao moja au bila bao. Mechi ya wazi ni ile ambayo mchambuzi hajaandaa chochote cha kusema. Lakini kijana wa bodaboda anaichukua, anaipeleka kwenye benchi, inageuka kuwa ova 2.5 na hela ya watu.

Zamani mabenchi yetu yalikuwa na watu wanaokumbuka. Mzee wa Chanzige ana kaunta buku lenye jalada jeusi, kona zimeliwa, limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ndani amechora mistari kwa kalamu nyekundu na kuandika matokeo aliyoyasikia Redio Tanzania. Ile Ijumaa Kuu alikuja nalo kwenye mfuko wa rambo. Wakati wanabishana alilifungua, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akalisogeza kwenye mwanga wa bango la chipsi ili kocha asome. Nusu fainali ya klabu bingwa Afrika, 1974. Simba 1, Mehalla El Kubra 0. Chini yake: Mehalla 1, Simba 0, Simba katoka kwa penalti.

Kocha hakuinamisha hata shingo. "Mzee, hiyo ni enzi za nyeusi na nyeupe."

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijapoa. Ile ilikuwa Simba ya Athumani Mambosasa golini na Abdallah Kibaden mbele. Kibaden huyohuyo ambaye Julai 1977 aliwapiga Yanga matatu peke yake kwenye ile 6-0 ambayo hakuna mshambuliaji wa leo aliyeisogelea. Ahoua alimaliza msimu na mabao 16 ya ligi, mfungaji bora, nampa haki yake. Lakini kama Simba yenye Kibaden iliambulia moja nyumbani kwenye nusu fainali, kwa hesabu gani Simba hii ilazimishwe kufunga matatu? Na 1993, kizazi cha Mwameja, Masatu na Marsha kilitoka 0-0 na Stella kule Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF, nchi nzima ikajua kombe limeshafika, wachezaji wakaahidiwa magari. Stella wakaja Dar es Salaam wakashinda 2-0. Nyumbani hapohapo ambapo "Mnyama hafungi moja". Mambo haya yamo kwenye kaunta buku. Simu ya kocha haina.

Nitawatendea haki wanaomtetea. Wanasema nusu fainali ya marudiano ya Yanga na Marumo Gallants mwaka 2023 ilitoa mabao matatu, Yanga wakishinda 2-1 kule Afrika Kusini. Kweli, lakini mkondo wa kwanza ulikuwa 2-0, ova haikutiki, na sisi tulikuwa tunabeti mkondo wa kwanza. Wanasema Berkane siku ileile ya Pasaka waliwapiga Constantine 4-0. Kweli pia, na ndiyo maana mstari wa Berkane haukuhitaji kachumbari. Wanasema wiki iliyofuata Pyramids walishinda 3-2, Fiston Mayele akiweka mawili. Hongera Mayele, tulikulea. Ila nimezihesabu nusu fainali zote nane za Afrika za mwezi ule, klabu bingwa na shirikisho, mikondo yote miwili: mabao 13, ova 2.5 mbili tu. Marudiano ya Simba pale Durban yaliisha 0-0. Simba na Stellenbosch walicheza dakika 180 wakatupa bao moja kwa jumla. Sisi tulidai matatu katika 90.

Jumatatu ya Pasaka nilipita kwenye gereji ya kocha. Alikuwa amelala chini ya pikipiki, na ameshaandaa utetezi: bao moja zaidi, wangepata moja tu zaidi tungekuwa karibu. Hata hesabu ya kujitetea ilimshinda, maana moja zaidi ni mawili na ova inataka matatu.

Mzee wa Chanzige naye alikuwepo, kapakizwa na wale wawili wa Kisarawe. Hakuja kusema "niliwaambia". Alifungua kaunta buku, akatoa kalamu, akaandika chini ya mistari ya zamani: 2025, Simba 1, Stellenbosch 0. Akapuliza wino ukauke. Kisha akanyoosha mkono kwa kocha, kiganja juu.

"Nirudishie buku mbili yangu, mwanangu. Mimi nilibeti Simba kushinda, na Simba imeshinda."

Kocha anadai mzee anatania. Mimi nasema alipwe.