Mizani ya Miaka Miwili: Uhakiki wa Kipimo cha Athari katika Kutathmini Majarida ya Kiswahili

Kipimo cha athari kilibuniwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Eugene Garfield na Irving Sher, ili kuwasaidia kuteua majarida ya kuingizwa katika faharasa yao ya marejeo. Baadaye wakutubi walikitumia kuamua majarida ya kununua, na kwa kazi hiyo kilifaa. Tatizo limezuka pale chombo cha mkutubi kilipogeuzwa mizani ya kumpimia mwanazuoni anayeomba kupandishwa cheo.

Ukokotoaji wake ni mwepesi. Kwa mwaka 2024, idadi ya mara ambazo makala za 2022 na 2023 zilirejelewa mwaka huo hugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kasoro ya kwanza ni ya wastani. Jarida likiwa na makala 50, moja ikarejelewa mara 100 na nyingine zisirejelewe kabisa, kipimo chake ni 2, ilhali hakuna hata makala moja iliyorejelewa mara mbili. Kasoro ya pili ni ya muda. Miaka miwili huzifaa taaluma zinazokwenda mbio. Katika fasihi ya Kiswahili, mjadala wa ushairi huru uliochochewa na Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi ungali unarejelewa. Kwa mizani hii, marejeo ya makala za mjadala huo hayana uzito wowote.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi. Huhesabiwa marejeo yaliyomo katika kanzidata husika tu, ilhali makala za Kiswahili hurejelewa sana katika vitabu, tasnifu na kumbukumbu za makongamano kama hizi, ambako mara nyingi hesabu haifiki. Mwanazuoni akilitambua hilo ataandika kwa Kiingereza, nasi tutabaki kulalamika kwamba istilahi zetu hazikui.

Azimio la San Francisco la 2012 lilitaka kipimo cha jarida kisitumike kama kibadala cha ubora wa makala. Ilani ya Leiden ya 2015 ikahimiza kulindwa kwa utafiti wenye umuhimu wa mahali. Hatupendekezi takwimu zitupwe. Kamati za vyeo zisome kwanza makala yenyewe, kisha takwimu ziitwe kama shahidi mmoja miongoni mwa wengi. Bodi za majarida yetu nazo zichapishe kwa wakati na kuhakiki kwa ukali, kwani kuilaumu mizani hakuongezi uzito wa bidhaa.