Zimwi ni Nani? Ugomvi juu ya Filamu ya Rafiki na Hadithi Iliyoizaa

Utangulizi

Filamu inapotokana na hadithi inayopendwa, hadhira hugawanyika pande mbili. Upande mmoja huja na kitabu mkononi na kuhesabu yaliyopotea. Upande wa pili hutazama tu yaliyomo katika picha na kuyahukumu hayo. Ugomvi wa namna hii ulizuka juu ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyoonyeshwa katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2018, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa na tamasha hilo. Chimbuko lake ni "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Hadithi hiyo ilitoka mwaka 2006 katika mkusanyo wa African Love Stories uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, na mwaka 2007 ikampatia mwandishi wake Tuzo ya Caine. Kazi zote mbili zinasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugomvi juu ya uaminifu wa filamu kwa hadithi, ingawa una msingi, umeliacha kando swali lililo zito zaidi. Swali hilo ni hili: katika usimulizi wa mapenzi yaliyokatazwa, ni nani anayepewa nafasi ya zimwi, na zimwi huyo anafanywaje mwishoni?

Zimwi katika hadithi za kutisha

Utanzu wa hadithi za kutisha una desturi ndefu ya kuwavika wapenzi wa jinsia moja ngozi ya zimwi. Katika Carmilla, riwaya fupi ya Sheridan Le Fanu wa Ireland iliyotoka mwaka 1872, binti mnyonya damu anampenda msichana aitwaye Laura, na mwishoni kaburi lake linafukuliwa na yeye kuangamizwa. Filamu ya The Vampire Lovers (1970), iliyotokana na riwaya hiyo, iliudumisha mwisho huo. Msomaji huruhusiwa kuvutiwa na mapenzi hayo kwa sharti kwamba yatakapofika mwisho yatazikwa.

Wapo waliojaribu kuigeuza desturi hiyo. Katika filamu ya Cthulhu (2007), Dan Gildark aliichukua hadithi ya H. P. Lovecraft, "The Shadow over Innsmouth", iliyochapishwa mwaka 1936, akamfanya mhusika mkuu kuwa mhadhiri anayependa wanaume wenzake na anayelazimika kurudi katika mji wa kwao, ambako babake ni kiongozi wa madhehebu ya siri. Wapenzi wa Lovecraft waligawanyika. Baadhi waliona kwamba jambo geni lilikuwa limepachikwa juu ya hadithi wanayoienzi. Wengine walijibu kwamba hofu ya kudaiwa na damu na ukoo wako ndiyo iliyokuwa kiini cha hadithi tangu awali, na kwamba filamu iliipa tu hofu hiyo mwili mpya. Yafaa kuzingatia kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya mahali anapokaa zimwi: je, yumo ndani ya anayerudi au ndani ya mji unaompokea?

Swali hilo si geni kwa wakazi wa Ziwa Viktoria. Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Masimulizi ya Waluo yanaeleza kwamba palikuwa na kijiji kilichomfukuza bikizee aliyefika usiku wa sherehe akiomba hifadhi. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Hii ni hadithi ya kutisha kwa kila kipimo, lakini adhabu haimwangukii mgeni aliyekataliwa, inawaangukia waliomkataa. Katika fasihi andishi ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla naye aliutumia mzimu katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ili kuutia msomaji wasiwasi, kisha akamwacha Bwana Msa athibitishe kwamba aliyeua ni binadamu. Kwa hiyo hadhira ya Afrika Mashariki ina mapokeo yake yenyewe ya kumtafuta zimwi miongoni mwa watu wa kawaida.

Yaliyoachwa na yaliyobakizwa

Wanaoilaumu filamu wana hoja. Kwanza, mti umetoweka. Katika hadithi, Anyango na Sanyu wanafumaniwa chini ya mzambarau, na mti huo ndio unaobeba kumbukumbu yote ya msimulizi. Filamu imeweka mahali pake gari bovu la abiria lililoachwa, ambamo Kena na Ziki hujificha. Gari hilo linapendeza machoni, lakini halina mizizi wala msimu wa kuzaa.

Pili, mandhari yamehama kutoka mtaa wa Nakawa mjini Kampala hadi Nairobi, na majina yamebadilika. Kwa msomaji wa Rongo, Awendo au Ndhiwa, badiliko hili si dogo. Anyango ni jina la msichana aliyezaliwa asubuhi jua likipanda. Ni jina la dada, la shangazi, la mwanafunzi wa dawati la mbele. Akilikuta katika hadithi, msomaji huyo hawezi kusema kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Filamu imemwita msichana huyo Kena Mwaura na mwenzake Ziki Okemi. Ajabu ni kwamba jina moja muhimu la hadithi limebakizwa, nalo ni la Mama Atim, jirani mmbeya. Wapenzi wamepewa majina mapya, msengenyaji ameachiwa lake. Huenda hilo halikukusudiwa, lakini linasema kweli: wapendanao hubadilika kila kizazi, na jicho la mtaa hubaki lilelile.

Tatu, na hili ndilo pengo kubwa zaidi, sauti imepotea. Hadithi nzima ni maneno ya Anyango akimwambia Sanyu aliye mbali. Hakuna anayezungumza isipokuwa kwa idhini yake, na hata maneno ya Mama Atim tunayasikia yakiwa yamepita kinywani mwake. Filamu haina msimulizi. Kwa sababu hiyo mtaa unapata sauti kubwa kuliko wapenzi, na mara kadhaa Kena anaonekana kama mtu anayetazamwa badala ya mtu anayesema. Wanaoitetea filamu kwa kutaja rangi zake za kuvutia na ujana wake hawajalijibu lawama hili.

Hata hivyo, uaminifu haupimwi kwa kuhesabu vitu. Mtazamaji aliyezoea filamu za ng'ambo zinazotafsiriwa na DJ Afro katika vibanda vya video anajua kwamba msimulizi anaweza kubadili majina, utani na hata nia za wahusika, na bado watu wakaipata hadithi. Kinachoulizwa ni kama kiini kimefika.

Kiini kimefika katika sehemu mbili. Ya kwanza ni pale genge la mtaa linapowavamia wasichana garini na kuwapiga, kisha Kena akapelekwa kanisani kuombewa ili pepo amtoke. Hapa Kahiu ameuazima utanzu wa kutisha na kuupindua. Ishara zote za hadithi ya zimwi zipo: usiku, umati, kelele, kafara, mtoa pepo. Lakini pepo hatokei. Mtazamaji anamwona msichana aliyeumizwa akishikwa na mikono mingi, na hofu anayoipata ni hofu ya mikono hiyo. Sehemu ya pili ni mwisho.

Mwisho uliokataliwa

Tarehe 27 Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya iliipiga filamu marufuku kwa kudai kwamba ilinuia kukuza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watazamaji wakajaza ukumbi Nairobi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliikubali marufuku ya bodi.

Mwisho wenyewe ni upi? Ziki amepelekwa London, kama Sanyu. Miaka inapita. Kena anafanya kazi hospitalini, kama Anyango aliyekuwa muuguzi. Mama Atim analeta habari kwamba aliyeondoka amerudi. Kena anakwenda mlimani, anasikia akiitwa, mkono unamgusa begani. Hakuna harusi wala ahadi. Hadithi ya Arac de Nyeko nayo huishia katika kungojea huko huko. Filamu iliyoacha mti, majina na sauti imeushikilia mwisho huo, na hiyo ndiyo sehemu iliyoigharimu.

Kwa lugha ya uhakiki, dai la kuubadili mwisho lilikuwa dai la kubadili utanzu. Bodi ilikuwa radhi mapenzi hayo yaonekane iwapo yangefungwa kwa majuto, yaani kwa kaburi la Carmilla. Kisa cha mapenzi kilitakiwa kigeuzwe hadithi ya kutisha ambayo zimwi wake ni Kena.

Ipo hoja ya lugha pia. Hadithi ilisomwa kwa Kiingereza zaidi ya miaka kumi kabla ya filamu. Ni kweli kwamba sheria ya filamu haigusi vitabu, lakini tofauti haiishii hapo. Filamu iliwafanya wasichana hao wachanganye Kiswahili, Sheng na Kiingereza kama wanavyosema vijana wa mtaani, na kwa namna hiyo iliwaondoa kwenye rafu ya wasomi.

Hitimisho

Wapenzi wa hadithi wana haki ya kuulilia mzambarau na sauti ya Anyango; filamu haikupata mbadala wa kutosha wa vitu hivyo viwili. Wapenzi wa filamu nao wana haki ya kusema kwamba jambo gumu zaidi kulihifadhi limehifadhiwa. Mhakiki hapaswi kuwapatanisha kwa kusema kila kazi ina uzuri wake. Anapaswa kuwaelekeza wanafunzi wasome kurasa za mwisho za hadithi na kuzilinganisha na taswira ya mwisho ya filamu, kisha wajiulize kwa nini mkono begani uliogofya kuliko umati wenye mawe.